Vitanda Vinane vya Kashuga

Kasho, mahabusu ya polisi ya Kashuga, ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye bati juu, na ndani yake, kwa siku ya nne sasa, alifungiwa mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa kambi ya watu waliokimbia vita. Inspekta Umurerwa aliinama kupita mlangoni, akagonga kichwa hata hivyo, akalaani kwa Kinyarwanda, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mukamurenzi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya Upendo, yule ambaye huku humwita titulaire, hakuinuka.

"Mama Titulaire, kisha siku tatu gari inakuya kukubeba mu gereza ya muji," Inspekta alisema. "Nipe kitu ya kushika. Ile karatasi ya kupokea bitanda, ulisinye ao haukusinye?"

"Nilisinye. Sahihi ni yangu."

"Bitanda munane."

"Munane. Nilibiona na macho, nikabigusa na mukono, nikasinye."

"Na sasa biko wapi?"

"Uliza ule mwenye alinifunga."

Umurerwa aliandika. Habari ilivyokuwa kwenye faili ilikuwa fupi na nyoofu, na katika kazi yake habari nyoofu sana humtia mtu mashaka. Vitanda vinane vya kuzalishia, vilivyonunuliwa kwa fedha ya serikali, vilipokelewa Kashuga mwezi wa tatu mbele ya ngoma na wapiga picha. Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, mama mmoja wa kambini aitwaye Umugwaneza alizaa juu ya saruji ya kituo kilekile, akatoka damu, akafa. Mume wake alitoka nje akauliza kwa sauti: vitanda viko wapi? Swali likazunguka kambi nzima. Kabla ya jua kuzama, Papa Makuza, mtu wa mkono wa mbunge, alikuwa amefika kwa jipu, na karatasi yenye sahihi ya Mukamurenzi, na mashtaka yaliyokwisha kupigwa chapa: muuguzi ameviuza vitanda mwezi wa sita.

Umurerwa alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye upelelezi. Hakuwahi kuona serikali ikifika haraka hivyo kwa jambo lolote, awe amekufa nani, na hilo peke yake lilimkera.

"Bilibaki hapa siku ngapi?"

"Siku?" Mukamurenzi alicheka kwa uchungu. "Bilifika asubui. Bakapiga picha, bakakula mbuzi, bakacheza. Saa tisa bikapakiwa tena mu gari. Papa Makuza alisema binaenda kutiwa namba, bitarudi kisha juma moya."

"Na haukuuliza?"

"Niliuliza mara tatu. Mara ya tatu akaniambia nikiendelea kusumbua, mushahara yangu itapotea kule mu muji. Mushahara gani, Mama Inspekta? Niko na miezi kumi na moya sijaiona! Nanunua miye mwenyewe sabuni ya kunawia mikono. Nanunua miye mwenyewe wembe ya kukata kitovu. Na leo njo miye mwizi?"

Umurerwa alifunga daftari. Si kazi ya mpelelezi kumwambia mfungwa kwamba anamwamini, hata akimwamini.

Nje, komanda wa kituo cha polisi alimngojea na ushahidi wake mpya. "Alipandisha mabati mu nyumba yake, mwezi wa saba," alisema, akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi. "Mabati nzima nzima, Mama Inspekta. Feza ilitoka wapi?"

Basi wakaenda kuyatazama. Umurerwa aliazima ngazi kwa jirani, akapanda mwenyewe, kwa magoti yake ya miaka hamsini na moja, akapitisha kidole bati moja baada ya jingine. Kila bati lilikuwa na misumari mipya, na kando ya misumari mipya matundu ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Lilikuwa bati la mtumba, lililong'olewa kwenye nyumba ya watu waliokimbia.

"Mutu mwenye kuuza bitanda munane," alisema akiwa bado juu, "atanunua bati yenye kuvuya?"

Umurerwa akashuka, akafuta mstari mmoja kwenye daftari.

Kurudi kituo cha polisi alimkuta mume wa marehemu ameketi pale alipokuwa ameketi tangu asubuhi. Aliitwa Ndagijimana, mkulima aliyekimbia kilima chake na kuacha shamba la maharage bila kuvunwa. Alikuja kila siku kuhakikisha mfungwa bado yumo.

"Mama Inspekta, asitoke," alisema.

"Papa, kama haiko yeye?"

"Muke wangu alikufa mu mikono yake. Miye nataka mutu mwenye alikula bitanda. Kama haiko yeye, basi unilete ule mwingine, nimuone na macho."

Umurerwa aliomba faili tena, akaenda nayo dirishani. Ndani mlikuwa na picha, kubwa, ya rangi, ile ambayo Makuza aliitegemea kuliko vyote: Honorable mwenyewe, kama watu wanavyowaita wabunge wao, mkono juu ya kitanda kipya, Mukamurenzi kando yake akiwa na kalamu. Inspekta hakutazama nyuso. Nyuso za sherehe zote ni moja. Alitazama mguu wa kitanda cha mbele, mahali ambapo mpiga picha hakuwa na haja napo. Palikuwa na kipande cheusi cha mpira wa gurudumu, kimefungwa mafundo matatu.

Akayahesabu mafundo tena. Kisha akasema polepole, "Ah, wajinga hawa."

Umurerwa alizaliwa juu milimani, kwenye nyumba za wafugaji. Huko maziwa ya nyumba kumi hushuka kwa gari moja kwenda kwa wanunuzi, na bidoni, yaani madumu ya maziwa, zote ni za njano, zote zinafanana. Basi mchukuzi hufunga kila bidoni alama yake, kitambaa ama mpira, rangi na mafundo, ajue ni ya nani na inakwenda kwa nani, ili maziwa yakikataliwa kwa kuchacha, ugomvi umwendee mwenyewe. Na alama ile haikatwi na mchukuzi, hata akipewa nini. Huikata aliyepokea, siku anapoyakubali maziwa. Bidoni yenye alama bado ni mzigo wa njiani. Mtoto wa mfugaji hujua jambo hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Na katika wachukuzi wote wa upande ule, aliyefunga mpira mweusi kwa mizigo ya Kashuga alikuwa mmoja tu: Rukundo, aliyepeleka maziwa Kashebere.

Safari ya Kashebere ilimla siku nzima juu ya pikipiki, na matope mpaka kwenye meno. Alipita vizuizi vitano. Viwili vilikuwa vya askari, vitatu vya vijana wasio askari, na bei ya kupita ilikuwa ileile, maana katika nchi hii kuna jambo moja ambalo pande zote zimekubaliana. Barabara iliyokatika alipoifikia ilikuwa na kibao kipya kabisa kinachosema imekarabatiwa. Kilikuwa na picha ya mtu anayetabasamu. Umurerwa alikipita akisaga meno.

Asubuhi yake alimkuta Rukundo uani kwa mnunuzi wa maziwa, anaosha bidoni kwa majivu na maji ya moto. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kusema na ng'ombe zaidi ya watu.

"Kaka Rukundo. Mupira nyeusi, mafundo tatu. Iko ya nani?"

"Kashuga," alijibu kabla ya kufikiri.

"Bluu?"

"Hapa, Kashebere."

"Nyekundu?"

"Mpofi." Sasa akainua kichwa, akaona kitambulisho, akaacha bidoni ikaviringika. "Dada, miye niko mubebaji tu."

"Najua. Sikuulize juu ya kukufunga. Nakuuliza mara ngapi ulipakia bile bitanda."

Rukundo alikausha mikono kwenye suruali, na alikausha kwa muda mrefu. "Mara tatu. Nilibibeba kwanza Kashuga, na alama ya Kashuga. Banacheza, banakula, kisha Papa Makuza anasema: pakia, enda Kashebere mu kituo Mwangaza. Nikaongeza bluu. Kesho yake ngoma, picha, mbuzi. Saa tisa: pakia, enda Mpofi. Nikaongeza nyekundu."

"Bitanda ni bilebile?"

"Bilebile munane. Nilimuuliza Papa Makuza, sasa bya Kashuga bitakuya lini? Akaniambia niendeshe gari."

"Na alama ya kwanza, juu ya nini haukutosha, haukuikata?"

Rukundo alimtazama kana kwamba amemwuliza kwa nini hakula kinyesi. "Miye nikate? Mwenye mali hajakata, miye nikate? Dada, uko mutoto ya wafugaji ao hapana?"

"Niko," Umurerwa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Kashuga akahisi kucheka. "Washa gari. Unakwenda na miye Mpofi, utasema ile maneno mbele ya bantu."

Kituo Neema cha Mpofi kilikuwa kimepakwa chokaa, na madirisha yalikuwa na vioo. Vitanda vinane vilikuwa mahali pake, na vitano vilikuwa na wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Umurerwa alipiga magoti, akaanza kitanda cha kwanza, akamaliza cha nane, huku wazazi wakimwangalia kama mwenda wazimu. Upande wa ndani wa mguu wa kila kitanda kulikuwa na mpira mweusi wenye mafundo matatu, na juu yake kitambaa cha bluu. Chekundu hakikuwepo hata kimoja. Kilikatwa, kwa sababu Mpofi ndipo vilipopokelewa kweli. Alama za Kashuga na Kashebere zilikuwa bado zimefungwa pale, hazijakatwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyepokea kitu.

Alipoinuka, mama kijana wa kitanda cha nane, Uwamwezi, mtoto wake wa siku mbili kifuani, alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mama Afande, munakuya kukamata kitanda?"

Sheria inasema mali inayobishaniwa hushikwa iwe kielelezo. Umurerwa aliijua sheria hiyo kwa moyo.

"Hapana, mwanangu. Lala."

Hapo ndipo sauti ya Makuza ilipoingia, na Makuza mwenyewe nyuma yake, koti la kijivu, simu mbili. Habari za mpelelezi aliyepiga magoti zilikuwa zimemfikia haraka. Hakuonekana na hofu. Alimchukua Inspekta pembeni kama anayempeleka mgeni mezani.

"Madame Inspekta, uko natafuta mwizi. Hapa hakuna mwizi. Hapa kuna uchaguzi."

"Nielezeshe, Papa. Miye niko polisi tu."

Naye akamweleza, bila haya, kama mwalimu. Bajeti ya vituo vya afya haiwezi kupita ikiwa na jina la mahali pamoja. Kila mkubwa anataka la kwao lisomwe. Basi yanaandikwa matatu, na vinanunuliwa vitu vya mahali pamoja. Kila mkubwa anapata picha yake na ngoma yake, kisha vitu vinakwenda panapostahili.

"Na kustahili, inapimwa na nini?" Umurerwa aliuliza. "Kashuga iko na kambi. Bamama banazaa kule kila siku."

"Mingi sana. Lakini bana-voter wapi?" Makuza alifungua viganja. "Wadeplase, bale bantu ba kambi, bako na kadi ya kura ya kule kwenye walikimbia. Ile kambi yote haina kura mia moya. Mpofi ilitupatia elfu ine. Wewe ungekuwa Honorable, ungeweka bitanda wapi?"

"Kwenye bamama wako nazaa chini."

Makuza akacheka, akampiga bega. Alimwona Umugwaneza, ambaye hakuwahi kumwona, juu ya ile saruji. Alitamani kumpiga mtu huyu kwa kiatu, pale pale, mbele ya wazazi. Badala yake akavuta kiti, akatoa karatasi na kalamu. Alikuwa ameona jambo moja, nalo ni kwamba mtu huyu alikuwa na njaa ya sifa asiyoweza kuizuia.

"Shida yangu ni hii, Papa. Natafuta jina ya Honorable mu hii kituo, siioni pahali. Bantu ba Mpofi banajua ni nani aliwaletea?"

"Banajua!"

"Miye naandika PV, karatasi ya ushahidi, ya kusema bitanda biko hapa. Niandike nini? Bilikuya byenyewe?"

"Hapana, hapana!" Makuza aliketi. "Andika: zawadi ya Honorable kwa watu wa Mpofi. Jina andika na herufi kubwa."

"Nani alibifikisha?"

"Miye mwenyewe, Makuza. Na gari ya huyu." Alimwonyesha Rukundo mlangoni.

"Tarehe? Bantu banapenda tarehe."

"Kumi na tisa, mwezi wa tatu. Tangu ile siku habijatoka hapa."

"Habijatoka hata siku moya?"

"Hata saa moya!" alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, na wazazi wawili wakapiga makofi.

Alitia sahihi ndefu yenye mkia. Rukundo akatia yake chini, kama shahidi, kwa herufi za kuchapa. Umurerwa alipuliza wino, akakunja karatasi, akaitia ndani kabisa, mahali ambapo mwanamume mwenye heshima hatii mkono. Kisha akasimama.

"Papa Makuza, mu mashtaka yako ulisinye kwamba Mama Mukamurenzi aliuza bile bitanda Kashuga mwezi wa sita. Hapa unasinye bilikuwa Mpofi tangu mwezi wa tatu, na ni wewe alibileta. Sasa moya mu hizi mbili ni bongo, ni uwongo. Na mbili zote ni mukono yako."

Makofi yalikwisha. Makuza alitazama mlango, kisha simu, kisha karatasi ambayo haikuwepo tena.

"Juu ya bitanda huwezi kunifunga," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Bitanda biko mu kituo ya serikali. Hakuna mwenye aliiba."

"Najua. Juu ya bitanda sina kifungu. Nilitafuta. Kunyima kambi nzima kwa sababu haina kura, hakuna kifungu! Lakini kumusingizia mutu kosa mbele ya polisi, hiyo iko nayo, na nitakushika nayo."

Akamfunga pingu. Walirudi Kashuga usiku kucha kwa gari la Rukundo, Makuza nyuma, kati ya bidoni, na kila shimo la barabara iliyokarabatiwa likamrusha juu na kumshusha.

Umurerwa alimkabidhi kwa komanda saa tano ya asubuhi, saa chache kabla ya gari la gereza. Komanda alisoma karatasi mara mbili, akakuna shingo. Kabla hajasema neno simu yake ililia. Alisimama wima kuipokea. Alisema "ndiyo, Mukubwa" mara saba, Umurerwa alizihesabu.

"Banasema niachilie," alisema alipomaliza.

"Nani?"

"Wote wawili."

"Wote wawili? Kama vile walikosa kosa moya?"

"Mama Inspekta, usinitie mu shida. Mama anatoka, njo ile ulitaka. Na huyu anatoka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makuza alitolewa pingu, akapewa kiti na chai, akaanza kupiga simu. Umurerwa hakumtazama, maana angemtazama angefanya jambo la kumfukuzisha kazi. Alichukua funguo na ile karatasi mezani bila kuomba, akaenda mwenyewe kufungua kasho.

Ndagijimana alikuwa palepale nje. Umurerwa alimsomea karatasi nzima, neno kwa neno, mpaka sahihi. Mkulima yule alisikiliza akiwa amesimama. Ilipokwisha, alimtazama Mukamurenzi aliyekuwa akifumba macho kwa jua.

"Dada, nilikuombea mubaya," alisema.

"Nilikusikia kila siku," Mukamurenzi alijibu. "Ukuta ni mbao."

Kisha Ndagijimana akageuka kumtazama Makuza mlangoni, kikombe mkononi. Alimtazama muda mrefu, kama alivyotaka, kwa macho. Akatema mate chini, akaondoka kuelekea kambini.

Mukamurenzi hakwenda nyumbani. Alikwenda kituoni Upendo akiwa na nguo zilezile za siku saba, Umurerwa nyuma yake. Mlangoni aliomba sabuni kwanza, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akamgeukia.

"Bitanda, ulibiona?"

"Nilibiona. Biko Mpofi. Biko na bamama juu yake."

"Na haukuleta hata kimoya."

"Sikuleta."

Umurerwa alifungua mdomo aeleze: kifungu, kielelezo, yule mama kijana aliyeshika chuma. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimchefua. Ndani mtu alipiga kelele, kelele ndefu ya mwanamke ambaye saa yake imefika.

"Acha karatasi yako," Mukamurenzi alisema, akiingia tayari. "Hapa hakuna kitanda, hakuna musaidizi. Kuya, piga magoti pale chini, umushikie muguu."

Inspekta Umurerwa alivua koti la serikali, akalikunja, akaliweka juu ya saruji chini ya kichwa cha yule mama. Akapiga magoti, akaushika mguu.